Gitaa Halikupotea Njia Lilipofika Lafey

Kuna kauli moja ambayo watu wa Kaskazini Mashariki ya Kenya tumeisikia hadi tukaanza kuirudia wenyewe: kwamba sisi hatuna muziki wa gitaa. Mashairi tunayo, hilo hakuna anayetunyima. Tuna ngoma za akina mama harusini, tuna nyimbo za kunyweshea ngamia kisimani, tuna makofi na vishindo vya miguu. Lakini gitaa, tunaambiwa, ni la watu wa chini: la Kilifi, la Kisumu, la Machakos. Na jazz ndiyo kabisa haituhusu. Hiyo ni ya hoteli za Nairobi. Kijana wa Lafey, kule Mandera, akionekana na gitaa begani hutazamwa kama aliyeazima kanzu ya mtu mrefu kuliko yeye.

Kauli hiyo ina wenyewe wa aina tatu, ambao kwa jambo lingine lolote hawakai meza moja. Wa kwanza ni waandaaji wa sherehe za utamaduni. Wakiwaalika watu wetu mjini hutaka waje na vibuyu vya maziwa, mikeka na fito za kujengea kibanda cha kuhama nacho. Ukiwaambia una bendi, wanakuuliza kama huna kundi la ngoma. Wa pili ni baadhi ya wazee na wahubiri wetu wenyewe, wanaoshikilia kwamba nyuzi zililetwa na watu waliotaka kutuharibia watoto. Wa tatu ndio wanaoniuma zaidi, kwa sababu ni watu ninaowapenda: wapenzi wa zilipendwa. Hawa wakichora ramani ya gitaa la Afrika Mashariki huanzia Lubumbashi, wakapita Tabora na Morogoro, wakateremka Mombasa, wakapanda Nairobi na Kisumu. Wakifika kwenye daraja la Tana, kabla hata ya kuingia Garissa, kalamu inawekwa chini.

Wote watatu wamekosea. Wala sihitaji kukisia ili kuwajibu. Nina maisha ya mtu mmoja, yanatosha kuanzia.

Abdullahi Qarshe, ambaye Wasomali wa pande zote humwita baba wa muziki wao wa kisasa, alizaliwa mwaka 1924. Hakuzaliwa Mogadishu wala Hargeisa. Alizaliwa Moshi, chini ya Kilimanjaro, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Tanganyika, kwenye jamii ya Wasomali waliokuwa wametapakaa katika miji ya Afrika Mashariki ya kikoloni. Akiwa bado mtoto akahamia Aden. Mji huo ulikuwa bandari ya Waingereza na soko la kila sauti: santuri za Kiarabu, filamu za Kihindi zenye nyimbo ndefu, mabaharia wa kila rangi. Kijana huyo aliyelelewa kwa Kurani akavutwa na udi, akajipatia wake, akavuka nao bahari hadi Somaliland miaka ya 1940. Huko hakuwakuta watu wasiojua kuimba. Aliwakuta wanaimba, ila bila nyuzi.

Hapa inafaa nimtaje mtu mwingine, maana Qarshe hakuanza mwanzoni. Abdi Sinimo alikuwa dereva wa lori. Inasimuliwa kwamba lori lilimharibikia njiani, naye akatunga mistari mifupi ya mapenzi na masikitiko ambayo vijana waliipokea kwa pupa. Aina hiyo ikaitwa balwo. Ilikuwa fupi, ya mjini na ya barabarani, na ilipigiwa debe na makofi. Washairi wakubwa waliona ni upuuzi wa watoto. Masheikh waliona ni mlango wa maasi, na baadhi yao wakaishambulia kwa mashairi. (Ndiyo, walipinga wimbo kwa shairi. Sisi ndivyo tulivyo.) Balwo ikakua, ikarefuka, ikawa heello, na katika kukua huko ndipo Qarshe akaingia na udi wake, na baadaye gitaa na piano. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa akitunga nyimbo za kuwaamsha watu wadai uhuru wao. Miaka ya 1950 alikuwa katika kundi la Walaalo Hargeisa, lililochanganya tamthilia na nyimbo. Sauti yake ikapita kwenye Redio Hargeisa, ikafika mahali ambapo hakuna lori lililowahi kuharibika.

Wimbo wake wa kusifu bendera, alioutunga wakati wa uhuru, ulifanywa wimbo wa taifa wa Somalia tarehe 1 Agosti 2012. Yaani nchi nzima husimama wima kwa wimbo wa mtoto wa Moshi aliyeshika nyuzi. Anayesema nyuzi si zetu atuambie basi anafanya nini wimbo huo unapopigwa.

Sasa mtazame mwenziwe. Mwaka huohuo wa 1924, upande wa Kilifi, alizaliwa Fundi Konde. Huyu hatuhitaji kumtambulisha. Mpenzi yeyote wa zilipendwa atakuimbia "Tausi Ndege Wangu" bila kuombwa. Alipiga klarineti, akapiga gitaa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili akawa askari wa King's African Rifles, akapelekwa Asia, India na Burma, katika kikosi cha kuwatumbuiza wenzake. Aliporudi, akawa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kabisa kushika gitaa la umeme. Sikiliza rekodi zake za mwishoni mwa miaka ya 1940 na za miaka ya 1950: gitaa lake linatembea kwa mwendo wa bendi za dansi za Uingereza na Marekani zilizokuwa zikipigwa kwa ajili ya wanajeshi, na klarineti inalifuata kama ilivyo kwenye swing. Ukiniuliza nani alikuwa mpiga gitaa wa jazz wa kwanza wa Kenya, nitakujibu Fundi Konde bila kusita. Alifariki mwaka 2000, na heshima aliyopewa haikumfikia nusu ya alichostahili.

Lakini tazama tunavyowahukumu hawa wawili waliozaliwa mwaka mmoja. Gitaa lilimfikia Fundi Konde kwa njia ya jeshi la mkoloni na kampuni za santuri za Wazungu, akaimba hata tangazo la sigara, na hakuna aliyewahi kusema kwamba Mgiriama huyo amevaa cha watu. Tunasema alilifanya gitaa Kiswahili. Sawa, alilifanya. Qarshe naye nyuzi zilimfikia kwa njia ya bandari ya mkoloni, filamu za Kihindi na santuri za Waarabu. Akazitia katika ushairi wa watu wake, akazitia katika siasa ya uhuru, zikaishia kuwa wimbo wa taifa. Huyu ndiye tunamwita mgeni? Kwa nini safari ya gitaa kutoka kambi ya askari hadi Kilifi ihesabiwe urithi, na safari ya nyuzi kutoka Aden hadi jangwani kwetu ihesabiwe uvamizi? Mizani moja haiwezi kuwa na mawe mawili ya kilo.

Wako watakaonikatiza hapa. Watasema Qarshe ni wa Hargeisa, mbali sana na Lafey, na ukoo wake si wa huku. Hoja hiyo naiheshimu kuliko zote, maana angalau imetazama ramani. Lakini tuitazame ramani yote. Lafey iko Mandera, pembeni mwa Kenya, mpaka wa Somalia ukiwa karibu mno na ule wa Ethiopia haupo mbali. Ukinyoosha mstari kutoka Lafey, Mogadishu iko karibu kuliko Nairobi. Hata leo watu wa huku wakipanda basi kwenda Nairobi husema wanakwenda Kenya. Redio ya watu wa namna hiyo ilikuwa ikitafuta mawimbi gani usiku? Redio Mogadishu ilianza mwaka 1951. Idhaa ya Kisomali ya BBC ilianza 1957. Baadaye zikaja kaseti, na kaseti haina pasipoti. Ilisafiri kwenye malori ya bidhaa na kwenye mabegi ya wachuuzi wa mifugo, ikapita Beled Hawo ikaingia Mandera, ikateremka Lafey na El Wak. Na kama ukoo ndio kipimo, basi Mkamba naye hana haki ya kumpenda Fundi Konde.

Mzee mmoja wa Fino, jirani na Lafey, aliwahi kunikata kauli juu ya jambo hili. "Mwanangu," akaniambia, "hayo mambo ya nyuzi tuliletewa."

"Yaliletwa na nani, mzee?"

Akafikiri kidogo. "Na redio."

Kisha, bila mimi kuuliza zaidi, akaanza kunitajia waimbaji: Magool, Tubeec, Hasan Adan Samatar. Kila jina alilifuatisha na wimbo, na kila wimbo aliufuatisha na mahali alipousikia, kisima fulani, mwaka wa ukame fulani, harusi ya fulani. Kitu ambacho mzee anaweza kukihesabia miaka ya maisha yake kwa namna hiyo hakijaletwa tu. Kimekaa.

Nitakubali jambo moja kwa upande wa wapinzani wangu: ukija Lafey leo kutafuta bendi ya gitaa, huenda ukarudi mikono mitupu. Lakini wao wanachukua utupu huo kuwa ndiyo hali yetu ya asili, hawaulizi umetoka wapi. Basi tuulize.

Kenya ilipata uhuru Desemba 1963. Kabla mwezi haujaisha, eneo letu likawekwa chini ya sheria ya hali ya hatari. Vita vilivyoitwa vya Shifta vikaendelea hadi makubaliano ya 1967, lakini sheria yenyewe haikufutwa hadi 1991. Miaka ishirini na minane! Wakati Nairobi inajenga studio zake, wakati Equator Sound Band ya akina Fadhili William na Daudi Kabaka inarekodi vibao vilivyochezwa Afrika Mashariki nzima, wakati vijana wa Nyanza wanazaa benga, sisi tulikuwa chini ya amri za kutotoka nje na misako. Redio Mogadishu ilikuwa ikitangaza siasa ya Somalia ya kutudai, kwa hiyo hata kuisikiliza kwa ajili ya nyimbo kulitosha kumtia mtu mashakani machoni pa askari. Katika mazingira hayo nani angeleta mashine ya kurekodi Mandera? Kampuni ya santuri ingemtuma nani, na kwa barabara ipi? Muziki wa dansi hukua pale ambapo watu wanaruhusiwa kukaa nje usiku. Haya si mambo ya asili ya Msomali au ya mfugaji. Ni mambo ya sheria ya Bunge.

Ng'ambo ya mpaka, ambako watu walewale wa lugha ileile walikuwa na mji wa kuchezea usiku, gitaa lilifanya nini? Lilichanua. Ukumbi wa Taifa wa Mogadishu, uliojengwa kwa msaada wa China, ulifunguliwa 1967. Baada ya mapinduzi ya Oktoba 1969 serikali ya Siad Barre iliushika muziki mikononi mwake, ikalea kundi kubwa la Waaberi, na chini ya kivuli hicho zikatokea bendi za mjini: Iftin, Sharero, na miaka ya 1980 Dur-Dur. Zilipiga kwenye hoteli kama Al-Uruba, zikiwa na magitaa ya umeme, besi, kinanda na saksafoni. Sitaki kuusifu utawala ule. Uliwafunga na kuwanyamazisha wasanii waliousema vibaya, na mwaka 1988 ndege zake ziliupiga mji wa Hargeisa mabomu. Ila anayesema Msomali na gitaa hawajuani aanze kwa kueleza magitaa yale yalikuwa yanapigwa na nani.

Na hayakuwa yakiigiza tu. Chukua dhaanto, ngoma inayochezwa Ogaden, Mandera, Wajir na Garissa, watu wamejipanga, makofi na miguu vikijibizana. Makofi yale huangukia kati ya pigo na pigo. Sikiliza bendi ya Dur-Dur ikipiga mdundo huo: gitaa la mdundo limechukua nafasi ya makofi, linakata pale pale mikono ilipokuwa ikikata. Mgeni akisikia husema ni reggae, na wanamuziki wenyewe hucheka, kwa kuwa kwao huo ni mdundo wa babu. Kisha sikiliza gitaa la solo. Ngazi yake ni ya sauti tano, ileile ya mwimbaji. Kwanza linamfuata mwimbaji neno kwa neno, halafu mwimbaji akivuta pumzi linatoka peke yake, linazungukazunguka, linarudi kabla ya mstari unaofuata. Gitaa la namna hii halina uadui na ushairi, linautumikia. Wanaosema sisi ni wa shairi na si wa nyuzi wamechukua ndugu wawili wakawafanya washindani.

Bado kuna mchambuzi aliyevaa miwani, anasubiri zamu yake. Atasema: haya, gitaa lipo, lakini hiyo siyo jazz. Huyu nina hamu naye.

Kwanza, wanamuziki wa Mogadishu walikuwa wakipiga kitu walichokiita wenyewe jazz ya Kisomali. Maryam Mursal alianza kuimba akiwa binti mdogo katika kumbi za usiku za mji huo miaka ya 1960, na huo ndio uliokuwa muziki wake. Wimbo wake mmoja wa kuusema utawala ulimfanya apigwe marufuku kuimba, akaendesha teksi. Nchi ilipovunjika mwaka 1991 aliondoka na watoto wake watano, akapita Kenya na Ethiopia kwa miezi mingi hadi Djibouti, na hatimaye Denmark. Mwaka 1998 akatoa albamu ya The Journey. Mama huyu ameilipia jazz yake kwa miguu. Sioni ni bodi gani ya wasafi wa jazz itamnyang'anya jina.

Pili, hapa Afrika Mashariki jazz haijawahi kuwa mali ya wenye miwani. Dar es Salaam Jazz ilikuwepo tangu miaka ya 1930. Morogoro Jazz ilianza 1944, na miaka ya 1960 ikampata Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa la solo ambaye mwaka 1970 alikwenda nayo Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo. Aliyetaka kumwambia Mbaraka kwamba hapigi jazz alikuwa na muda wa kumwambia hadi Januari 1979, alipofia ajalini Mombasa. Hakuna aliyejitokeza, kwa sababu masikio yalikuwa yameshajibu: mtu anayeichukua sauti moja ya gitaa akaizungusha usiku mzima bila kuirudia vilevile, anafanya kazi ileile inayofanywa New Orleans.

Tatu, na hapa wajuzi hujikwaa zaidi, jazz yenyewe iliikaribia ngazi ya Lafey kabla Lafey haijaikaribia jazz. Mwaka 1959 Miles Davis na wenzake walirekodi Kind of Blue, wakaacha mabadiliko mengi ya sauti yaliyokuwa yakiwabana wapigaji, wakakaa juu ya ngazi moja kwa muda mrefu na kuizungukia. Mwimbaji wa jangwani amekuwa akikaa juu ya ngazi moja tangu ngamia wa kwanza anyweshwe maji. Mulatu Astatke wa Ethiopia aliliona hilo mapema. Alizichukua ngazi za sauti tano za kwao, akazitia ndani ya jazz, akaziita Ethio-jazz, na dunia ikampigia makofi. Jirani yetu wa kuvuka mto Daua anaruhusiwa, sisi tunaambiwa turudi kwenye vibuyu.

Na kwa wale wanaodhani mfugaji anayehamahama hawezi gitaa kwa sababu hana nyumba ya mawe, nitawatajia jina moja nisonge mbele. Django Reinhardt, ambaye wapenzi wa jazz duniani humweka kwenye safu ya mbele kabisa ya wapiga gitaa, alizaliwa Ubelgiji mwaka 1910 katika gari la kukokotwa la Waroma, watu wa kuhama na mizigo yao. Moto ulimwunguza mkono akiwa kijana, akabaki akipigia vidole viwili. Hakuwa na anwani ya kudumu. Alikuwa na nyuzi sita.

Limebaki suala la dini, na sitalikwepa, kwa sababu Lafey ni mji wa Waislamu na mimi ni mmoja wao. Sitoi fatwa hapa. Kama sheikh anaona nyuzi hazifai, ana vitabu vyake na hoja zake, na wanazuoni wamehitilafiana juu ya ala za muziki kwa karne nyingi kabla yetu. Ninachokataa ni kuchanganya mambo mawili. "Haifai" ni hukumu ya dini. "Haijawahi kuwa yetu" ni dai la historia, na dai la historia hupimwa kwa ushahidi. Mtu anaweza kuamini la kwanza kwa moyo wake wote na bado la pili likawa uongo.

Tena wapinzani wa muziki wenyewe ndio mashahidi wangu bora. Balwo isingeshambuliwa na masheikh kama isingekuwa midomoni mwa vijana. Na Aprili 2010, kundi la wapiganaji la Hizbul Islam lilipoziamuru redio za Mogadishu ziache kupiga muziki, stesheni zilihofia roho za watangazaji wao zikatii. Mahali palipokuwa na vipande vya muziki kati ya habari na habari zikaweka milio ya risasi na sauti za wanyama. Mtu hapigi marufuku kisichokuwepo. Hakuna aliyewahi kutoa amri dhidi ya mchezo wa kuteleza kwenye theluji Mandera. Aprili 2012 bomu la kujitoa mhanga likalipuliwa ndani ya Ukumbi wa Taifa uleule wa 1967, ulipokuwa ndio kwanza umefunguliwa upya. Miezi minne baadaye wimbo wa Qarshe ukawa wimbo wa taifa.

Sisi wa upande wa Kenya tumelipa pia. Baada ya mashambulizi ya Mandera ya mwishoni mwa 2014 na ya Chuo Kikuu cha Garissa ya Aprili 2015, walimu wengi kutoka sehemu nyingine za nchi waliondoka, na walioondoka hawakuwa wa hesabu na sayansi tu. Aliyekuwa akijua kufundisha gitaa au kinanda aliondoka nalo. Kwa hiyo ninaposikia mtu wa mjini akisema watoto wa huku hawana mwelekeo wa muziki wa ala, natamani nimwulize mwelekeo huo ungeingilia wapi.

Hata hivyo mambo hayajafa. Garissa ina Gargar, kundi la akina mama lililorekodi na Ketebul Music ya Tabu Osusa, sauti za kwetu zikiwa na ala za kisasa nyuma yake. Mkusanyiko wa nyimbo za Kisomali wa Sweet as Broken Dates uliotoka 2017 uliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Nyimbo hizo zilinusurika kwa kuwa watu wa Hargeisa, mji wao ukipigwa mabomu mwaka 1988, walizichukua tepu za redio wakazificha, nyingine wakazifukia ardhini. Ukiwa na mji unaoungua, unaokoa kilicho chako. Hilo nalo wapinzani wangu walijibu.

Nadhani najua ni nini hasa kimeupa nguvu uongo huu hadi ukadumu. Wimbo wa Kisomali kwa desturi hutajwa kwa watu watatu: aliyetunga maneno, aliyetunga sauti, na aliyeimba. Mpiga gitaa mara nyingi hayumo. Katika Morogoro Jazz watoto wa mtaani walilijua jina la mpiga solo. Kwetu, mtu aliyepiga solo ambayo mzee wa Fino anaikumbuka kwa miaka ya ukame hajulikani ni nani. Heshima yetu kubwa kwa mshairi imemficha mpigaji nyuma yake, na mgeni akija asipoona jina la mpigaji anahitimisha kwamba hakuwepo. Kosa hili ni letu kurekebisha. Hatuwezi kumsukumia mkoloni wala Nairobi.

Kaseti bado zipo. Ziko kwenye masanduku ya bati kwetu Mandera, huko Lafey, Arabia na Fino, nyingine zimeandikwa kwa kalamu ya risasi, nyingine hazijaandikwa chochote, na joto la huku haliupendi utepe wa sumaku; kila msimu wa kiangazi unapunguza kilichomo. Mashine za kuzichezea zimebaki chache. Mwenye sanduku na amtafute mwenye mashine, na mwenye simu awarekodie wote wawili. Wakimaliza kila wimbo wamwulize mzee aliye karibu swali ambalo majalada hayajibu: huyu anayepiga gitaa ni nani, alitoka wapi, alifundishwa na nani. Waandike jina kabla ya kugeuza upande wa pili.